Behewa la Tisa

Kwa saa yangu ya mkononi ilikuwa saa kumi na dakika ishirini jioni, siku ya Jumanne. Kwa saa ya ukutani ya chumba kile ilikuwa saa kumi na mbili kamili asubuhi, na treni ya kwanza ilikuwa ikisubiri ruhusa ya kutoka Tabora kwenda Usoke. Treni yenyewe ilikuwa na urefu wa mkono wangu, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Ilikuwa ya mbao za mninga, na mapaa ya mabehewa yalikatwa kwenye makopo ya mafuta ya kupikia. Hakuna aliyenikaribisha. Nilisema shikamoo, na Mzee Kapaya, aliyekuwa inspekta wa trafiki kabla hajastaafu, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye saa, akanisogezea daftari na penseli. "Andika unachokiona," akasema. "Usichokiona usiandike." Nikakaa, nikaandika. Huo ndio mwanzo wa mwaka ninaotaka kuueleza, na maneno yale mawili ya Mzee Kapaya ndiyo yote niliyohitaji kuyajua. Nilikuja kuyavunja kwa mkono wangu mwenyewe.

Nimelazimika kuukumbuka mwaka ule kwa sababu wiki iliyopita tumemzika Hamisi, aliyekuwa stesheni masta. Mwanawe wa kiume alikuja kunipa habari asubuhi, akiwa amesimama nje ya uzio na baiskeli yake, na nilipoisikia nilienda kuzima jiko kwanza, kwa sababu maharage yalikuwa yanaelekea kuungua. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba sikulia. Sikulia pia siku ile ya chumbani, miaka mingi nyuma. Watu hudhani asiyelia ana jambo amelificha. Mimi nimejitazama kwa muda mrefu na sijaona nilichoficha. Kuna mahali pamekufa ganzi tu, kama kidole kilichowahi kubanwa na mlango.

Wakati ule nilikuwa karani wa tiketi, dirisha la daraja la tatu. Nilikuwa nimeishia darasa la nane. Kitabu cha kanuni za uendeshaji wa treni nilikiazima kwa karani mwenzangu, nikakinakili chote kwa mkono katika madaftari matatu, Kiingereza ukurasa wa kushoto na Kiswahili changu ukurasa wa kulia, na neno nisilolielewa nililipigia mstari mwekundu mpaka nipate wa kumwuliza. Nilitaka kuwa stesheni masta. Wanawake walikuwepo kwenye tiketi, kwenye simu na kwenye taipu, lakini wa kushika ofisi ya stesheni na kuruhusu treni sikuwa nimemwona hata mmoja. Nilipomweleza Mzee Kapaya hakucheka wala hakunitia moyo. Alisema kwamba kila mwaka jina moja hupelekwa kwenye kozi, kwamba wanaogombea jina hilo hufanya mazoezi kwenye meza yake, na kwamba kwenye meza hakuna dirisha la daraja la tatu.

Meza hiyo ilikuwa ndani ya ghala la zamani la mizigo, lililokuwa limeachwa kwa sababu ya mchwa. Mzee Kapaya alikuwa ameomba funguo ili asikae bure baada ya kustaafu, na wakubwa wakampa kwa sababu hakuna aliyelihitaji. Meza ilizunguka kuta tatu. Kwenye kona ya kulia ukiingia ilikuwa Tabora, ukutani mkabala na mlango Usoke na Urambo, na kona ya kushoto Kaliua. Vituo vingine tuliviacha kwa kukosa nafasi. Reli zilikuwa waya wa uzio uliogongwa ukanyooka. Kila kituo kilikuwa nyuma ya ubao wa plaiwudi, ili stesheni masta wa Tabora asione kinachofanyika Usoke, na wa Usoke asione Urambo, kama ilivyo katika njia yenyewe. Mliwasiliana kwa kengele ya baiskeli na kwa simu mbili za zamani za kukoroga. Tokeni, ile ambayo dereva akiwa hana haruhusiwi kuingia katika kipande cha njia, ilikuwa pete ya shaba ya pazia. Saa ya ukutani ilikuwa imebadilishwa magurudumu mawili na fundi mmoja wa Kiarabu wa mtaa wa Gongoni, ikawa inakimbia: dakika kumi za kweli zilikuwa saa nzima ya meza. Siku ya kazi ya meza, kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ilimalizika kwa saa mbili.

Treni hazikuwa na mashine. Zilisukumwa na Bundala, fayamani wa kweli, mchochea moto wa injini, aliyekuja akiwa hana zamu, kwa fimbo ya mwanzi yenye ndoano ndogo. Kutoka Usoke hadi Tabora ratiba ilitaka saa moja na nusu, maana yake dakika kumi na tano za kweli, na Bundala alizitumia zote. Alisogeza treni shubiri moja na kidogo kila dakika, akitazama mbele tu kama dereva, akiimba kwa pua. Mtu wa nje angetuona wendawazimu: watu wazima watano wamenyamaza nyuma ya mbao, wanamsubiri mtu asogeze kipande cha mninga. Lakini kusubiri ndiyo kazi yenyewe ya stesheni. Kila behewa lilikuwa na namba na kadi yake: limebeba nini, limetoka wapi, linakwenda wapi. Tumbaku ilitoka Urambo na Usoke. Mwaka ule Mzee Kapaya aliongeza treni za pekee kwenye ratiba, za unga wa wakimbizi waliokuwa Ulyankulu, uliotakiwa kushushwa Urambo, na baadaye za mabati na majembe ya vijiji vipya, kwa sababu ndizo zilizokuwa zikipita katika njia ya kweli. Hakuzungumzia siasa. Alisema tu, "Kuna treni mpya. Tafuteni nafasi ya kuipitisha."

Nilipanga chumba Ng'ambo, kwa mama yake Hamisi, Bi Zuhura. Hamisi alikuwa pointimani stesheni, mgeuza reli pale njia zinapoachana, na yeye ndiye aliyeshika Usoke kwenye meza. Babu yake alitoka pwani na msafara, akaugua Tabora, akaoa, akabaki. Tangu hapo hakuna hata mmoja wa nyumba ile aliyekuwa ameiona bahari, lakini walikuwa Wazaramo na hawakutaka Uzaramo wao uitwe mchezo. Mimi Mnyamwezi wa Usoke. Kwa hiyo tangu siku niliyoingiza godoro langu tulikuwa watani, na sikuombwa ridhaa. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja lililotazama uani, na kupitia dirisha hilo nilisikia kila kilichosemwa jikoni. Mwaka ule unga ulikuwa adimu, na uliopatikana ulikuwa wa njano, wa msaada. Bi Zuhura aliusonga kwa hasira, akaula na mlenda, na siku nzuri kulikuwa na maharage yaliyoungwa karanga. Mwishoni mwa mwezi alinunua asali ya Sikonge kwa chupa, akaificha chini ya kitanda chake, na Hamisi aliijua ilipo.

"Mpagazi amerudi," Hamisi alikuwa akisema kila nikiingia uani jioni. "Mama, mpe maji, ametua mzigo."

"Babu yako alifika hapa kichwani kwa babu yangu," nilimjibu. "Kama si mpagazi ungezaliwa njiani, Dodoma huko, ukaitwa Mgogo."

"Mwone. Anasema kama kwao kuna watu. Juzi wamehamishwa wote Usoke, nyumba zimevunjwa, hata kuku wamepakiwa lori."

"Kuku wamepanda lori, wewe hujapanda hata jahazi. Mzaramo gani wewe."

Bi Zuhura alikuwa akicheka mpaka anashika mlango. "Mwanangu Yunis," aliniambia, "mpige tu. Mimi mwenyewe nimeshindwa." Kuhusu nyumba zilizovunjwa hakuna aliyerudia. Ilikuwa kweli, na nyumba mojawapo niliijua, lakini ilikuwa imesemwa kwa utani, na lililosemwa kwa utani huwezi kulishika mkononi ukalijibu kwa uchungu. Hiyo ndiyo sheria. Mtani anaweza kuchukua chakula chako ukiwa unakitazama, akavaa viatu vyako, akakutangazia kifo ukiwa hai. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa adabu. Na ukimshtaki kwa mtu wa tatu umefanya jambo ambalo hata jina sijui kama lina, kwa sababu sijawahi kuona aliyelifanya. Kisasi chake ni utani mwingine, basi. Hamisi alikula kiporo changu. Mimi nikashona mikono ya shati lake la kazi usiku, akaenda zamu ya alfajiri akiwa amevaa koti juu ya kifua kitupu.

Miezi sita ya kwanza Mzee Kapaya hakunipa kituo. Niliandika kadi, nilifuta vumbi la mchwa kwenye reli, nilishika saa. Mwezi wa saba akaniweka Tabora, kituo kigumu kuliko vyote, na akaeleza masharti mbele ya wote. Siku thelathini za meza bila kosa ambalo halikuandikwa. Kosa lililoandikwa alilisamehe, kwa sababu treni huchelewa na watu huchoka. Lakini kila mwisho wa siku alizunguka vituo na daftari la treni, akahesabu mabehewa moja moja, na idadi ya daftari ikitofautiana na idadi ya meza, mwenye daftari alianza upya kutoka siku ya kwanza. Siku ya thelathini angeitwa inspekta kutoka Dar es Salaam kutazama. Tuliobaki tukigombea tulikuwa wawili, mimi na Hamisi, na jina lilikuwa moja.

Sasa lazima niseme kilichotokea siku ya kumi na moja, maana bila hicho siku ya thelathini haieleweki. Treni ilifika kwangu kutoka Usoke. Karatasi aliyonipa Bundala ilisema mabehewa tisa. Behewa la mwisho lilikuwa na alama ya mkiani, kipande cha kitambaa chekundu kwenye pini, ambacho kinamwambia stesheni masta kwamba treni imefika nzima, hakuna kilichokatika njiani. Nikahesabu: manane. Nikahesabu tena: manane. Kwa kanuni, karatasi na macho vikitofautiana, unafunga njia, unapiga simu kituo kilichotuma, unaandika, na hakuna treni inayoingia kipande kile mpaka behewa liwe limepatikana. Nikanyanyua macho. Juu ya plaiwudi ya Usoke kulikuwa na vidole tisa vya Hamisi, vikicheza. Alikuwa amelichomoa behewa la tisa treni ilipoanza kuondoka na kuuchomeka mkia mwekundu kwenye la nane. Bundala hageuki nyuma. Nilikaa na penseli hewani labda sekunde kumi, dakika nzima ya meza, kisha nikaandika tisa, na nikagonga kengele kwamba njia iko wazi. Kwa treni iliyofuata behewa likaja. Namba 4127, la tumbaku. Ndani yake kulikuwa na punje moja ya karanga iliyokaangwa.

Niliila. Mzee Kapaya alipohesabu jioni, idadi ililingana. Siku ya kumi na sita Hamisi akafanya tena, na siku ya kumi na tisa mimi nikamrudishia: nilichukua pete yake ya tokeni, nikaivaa kidoleni, akakaa bila treni saa mbili za meza, kisha akaandika kwenye daftari lake kwamba injini imeharibika. Siku ya ishirini na tatu akachukua tena 4127. Siku ya ishirini na saba pia. Kila mara nilihesabu manane nikaandika tisa. Nimezihesabu mara nyingi tangu wakati ule, na hesabu haibadiliki: nilipofika siku ya ishirini na tisa nikiwa na jina la kutokuwa na kosa, nilikuwa na makosa manne ambayo hayakuandikwa. Sikuyaona kuwa makosa. Niliyaona kama kiporo kilicholiwa. Kwa mtu aliyenakili kitabu cha kanuni mara mbili kwa lugha mbili, jambo hilo bado linanishangaza, kwa kiasi ambacho bado naweza kushangaa.

Siku ya thelathini ilikuwa Ijumaa, mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na paa la ghala lilivuja upande wa Kaliua. Inspekta alikuwa mtu mwembamba mwenye suti ya kijivu ya mikono mifupi. Alitusalimia kila mmoja kwa mkono. Alipofika kwangu akasema, "Binti, wewe ndiye karani wa tiketi?" Nikasema ndiyo. "Umejifunza wapi?" Nikamwonyesha madaftari matatu. Aliyafungua, akasoma ukurasa mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia, akarekebisha neno moja kwa kalamu yake, akanirudishia. Hakulirekebisha kwa dharau. Alikuwa ameelewa kilichokuwa ndani ya madaftari. Naandika hivi kwa sababu baadaye kuna waliosema kwamba alikuja ameshaamua. Mimi nilikuwepo, sikuona hivyo.

Asubuhi ya meza ilikwenda vizuri. Nilipitisha treni ya abiria, nikaipisha ya unga, nikakataa njia mara moja kwa sababu ya behewa lililokuwa limesimama vibaya kwenye pointi, nikaliandika. Inspekta alisimama nyuma yangu na sikusikia hata akipumua. Saa saba na nusu ya meza treni ya tumbaku ikafika kutoka Usoke. Karatasi: tisa. Mkia mwekundu upo. Nikahesabu: manane.

Sikutazama juu ya plaiwudi. Nilijua vidole viko pale. Nilifikiri mambo mawili, na ninayakumbuka kwa mpangilio. La kwanza, kwamba nikifunga njia na kupiga simu, inspekta ataikuta 4127 mfukoni mwa Hamisi, na pointimani aliyecheza mbele ya inspekta hatakosa kozi tu, atakosa na kazi, na Bi Zuhura atajua ni nani aliyesema. La pili, kwamba treni ya saa tisa italileta. Siku zote ililileta. Nikaandika tisa. Nikagonga kengele. Kwa ruhusa yangu, Hamisi akaiingiza treni ya abiria katika kipande kile kutoka Usoke.

Saa nane na dakika kumi inspekta akasema, "Simamisheni saa." Treni yake ya kweli ya kurudi Dar es Salaam ilikuwa imewahishwa, alieleza, na alikuwa ameona vya kutosha, kwa hiyo angehesabu sasa. Mzee Kapaya akapanda kwenye kigoda na kushika mshale wa saa kwa kidole. Kumbukumbu yangu ya kidole hicho ni safi kuliko ya uso wa mtu yeyote chumbani. Inspekta alianza Kaliua, akaja Urambo, akaja Usoke, akafika kwangu. Alihesabu mara mbili. Akafungua daftari langu, akaweka kidole chini ya mstari wa saa saba na nusu.

"Hapa umeandika tisa."

"Ndiyo, mzee."

"Yaliyofika ni mangapi?"

"Manane."

"Uliona manane?"

"Niliona manane."

Akasubiri. Alinipa muda, nakiri hivyo. Maji yalidondoka kwenye ndoo kule Kaliua. Hamisi alikuwa ametoka kando ya plaiwudi yake, amesimama na mkono mfukoni, na mfuko ulikuwa na pembe. Angeweza kulitoa. Ningeweza kusema, "Mwulizeni Usoke." Hakuna aliyefanya chochote. "Behewa lako la tisa," inspekta akasema bila kupandisha sauti, "limesimama mahali fulani porini, halina mkia, halina taa. Na abiria wako njiani, wanaliendea." Akafunga daftari. Daftari la Usoke lilikuwa sahihi: yaliondoka tisa, yameandikwa tisa. Jina lililokwenda Dar es Salaam lilikuwa la Hamisi.

Baada ya wao kuondoka nilibaki nikikusanya kadi, kwa sababu ndiyo kazi niliyoizoea. Mzee Kapaya alikuwa akifunika reli kwa magazeti ili zisilowe. Alinisemesha kwa Kinyamwezi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ndani ya chumba kile.

"Niliuona mfuko wake," akasema.

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema, mngekosa wote wawili. Nimenyamaza, amekosa mmoja." Akatandika gazeti lingine. "Na wewe uliandika. Yeye hakukushika mkono."

Nilimjibu kwamba hilo ni kweli. Nikaenda nyumbani. Bi Zuhura alikuwa ametoa chupa ya asali kutoka chini ya kitanda kwa ajili ya mwanawe, na aliponiona akanijazia kikombe cha chai ya rangi akaitia vijiko viwili. "Na wewe utapata mwakani, mwanangu," akasema. Hamisi alikuwa ameketi kwenye mkeka na hakunitania. Ile ndiyo jioni pekee katika mwaka mzima ambayo hakunitania, na wote wawili tulikula ugali wa njano na maharage. Nilikula ukaisha. Nilisikia ladha ya kila kitu. Nilichokuwa nikisubiri kukisikia hakikuja, nikaosha sahani.

Mwakani haukuja. Mzee Kapaya aliugua kifua kabla ya kiangazi, ghala likavunjwa, na meza sikuiona tena. Nilibaki kwenye tiketi miaka ishirini na miwili, mpaka wafanyakazi walipopunguzwa. Nilijifunza hesabu za kampuni kwa vitabu vya kuazima, nikafundisha wengine uani kwangu jioni, na wawili kati yao sasa ni wahasibu. Siyo maisha mabaya. Hamisi alipewa vituo vidogo kwanza, kisha vikubwa, na kila tulipokutana tulitaniana kama kawaida, kwa sababu utani hauna likizo.

Mara moja tu tulilizungumza. Nilikuwa nasafiri kwenda Kigoma na treni ikasimama Kaliua, wakati huo akiwa stesheni masta pale. Nikashuka kumsalimia. Ofisi yake ilikuwa safi, sakafu imesuguliwa, na juu ya daftari la treni, ili upepo usifunue kurasa, kulikuwa na behewa dogo la mninga lenye paa la bati. Namba bado ilisomeka. Aliona nimeiona.

"Kwa nini ulifanya siku ile?" nikamwuliza. "Siku ile hasa."

"Ulikuwa umekunja uso kama mtu anayenyolewa kwa chupa," akasema. "Nikataka ucheke." Alizungusha kalamu mezani. "Ungeandika manane, Yunis. Mimi nilijua mbele ya mgeni utaandika manane, nami nilitoe niseme ni mimi. Nilijiandaa. Ukaandika tisa."

"Halafu ukanyamaza."

"Halafu nikanyamaza."

Nje walipiga kengele. Alivaa kofia yake na kuchukua bendera ya kijani. Kwa haki ya utani ningeweza kulichukua lile behewa, nikalitia kwenye mkoba mbele yake, naye asingekuwa na neno. Nililitazama. Nikaliacha lishikilie kurasa zake, nikarudi kwenye treni, naye akairuhusu kwa wakati, dakika hiyo hiyo ya ratiba.

Wiki iliyopita, basi, nyumba ilikuwa ile ile ya Ng'ambo, imeongezwa vyumba viwili. Bi Zuhura hayupo siku nyingi. Wanyamwezi wengine waliokuja kama watani walikuwa vijana, wamejipaka unga usoni, wanalilia deni la nazi, wanawakatalia waombolezaji maji. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wao. Jeneza lilipoinuliwa na wanaume wakaanza kuelekea mlangoni, nilikwenda nikaketi kizingitini, miguu nimenyoosha, mgongo nimeegemeza kwenye fremu.

"Hapiti mtu," nikasema. "Mzaramo huyu ana behewa langu."

Uani wakacheka, kama inavyotakiwa. "Wapagazi na mizigo yao," mtu mmoja akasema. "Behewa gani tena, mama?"

"Namba 4127. La tumbaku. La tisa kutoka injini."

Wakazidi kucheka, na mmoja wa vijana wangu wa utani akarudia namba ile kwa kuimba. Binti mkubwa wa Hamisi peke yake hakucheka. Aliinama karibu na sikio langu, kitenge kimemfunika mdomo. "Mama Yunis, lile la kuwekea karatasi? Tulipohama Kaliua baba alilitafuta siku mbili. Tulifungua hadi magunia. Sijui lilibaki wapi."

Nikamwambia haidhuru. Wanaume walikuwa wamesimama na jeneza mabegani, na jua lilikuwa kali. "Basi nilipwe," nikasema kwa sauti ya wote kusikia, na kofia ya viua ya mmoja wao ikazungushwa uani, kila mtu akatia alichokuwa nacho, sarafu nyingi zaidi kuliko noti. Walinimiminia kwenye upande wa khanga. Nikazihesabu pale pale kizingitini bila haraka, mara mbili, kisha nikanyanyuka na kuwapisha. Zilikuwa shilingi elfu saba mia saba na hamsini.